Tukifunga vilabu mapema, kipigo kitapungua majumbani?

Mwenyekiti_Kibosho

Wakuu, salaam. Mimi ni mwenyekiti wa kitongoji huku Kibosho, Moshi Vijijini. Sijasomea mambo ya ustawi wa jamii. Nilichonacho ni nyumba mia na ushee, na simu ambayo wikiendi siwezi kuizima.

Simu hiyo ina utaratibu wake. Ikilia kabla ya saa mbili usiku, ni ng'ombe kaingia shamba la mtu. Ikilia baada ya saa nne, najua ni mwanamke au mtoto wake, na kabla sijapokea najua baba ametoka kilabuni. Navaa koti, nachukua tochi, namgongea jirani mmoja tuongozane, tunapita kwenye migomba mpaka huko. Mara nyingi tunakuta mzee keshalala anakoroma, mama amejikunyata jikoni na watoto. Asubuhi tunaita kikao. Mume anasema maneno yale yale, "nilikuwa nimelewa", na wazee wanatikisa vichwa kana kwamba amesema alikuwa na malaria.

Kitongojini kwangu kuna vilabu vitatu vya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, na grosari mbili za bia na pombe kali. Mbege inaanza kunyweka saa nne asubuhi. Gongo nayo ipo, ila sitasema kwa nani maana humu mnasoma wengi. Viroba, zile pakiti za pombe kali, vilipopigwa marufuku Machi 2017 tulipumua kidogo, hasa kwa vijana wa bodaboda, halafu zikaingia chupa ndogo na tukarudi pale pale.

Sasa halmashauri ya kijiji inataka kupendekeza sheria ndogo: vilabu visifunguliwe kabla ya saa tisa alasiri, na saa mbili usiku viwe vimefungwa. Wajumbe wanawake wamelishikilia hilo kwelikweli. Wanaume wananung'unika, lakini hakuna anayethubutu kusimama kulipinga mbele ya mkewe. Ningependa lipite kabla ya Desemba, kwa sababu Desemba watoto wa mjini wanarudi, kila kihamba, yaani shamba la ukoo, kina ndafu wa kuchoma na mapipa ya mbege, na simu yangu inalia hata Jumanne.

Wasiwasi wangu ni huu. Kuna mzee hapa anakunywa kuliko wote, tunamwokota mtaroni, na sijawahi kusikia amemgusa mkewe hata kwa kidole. Kuna mwingine, seremala, anakunywa kata mbili tatu za mbege na kuondoka kwa miguu yake mwenyewe, na huyo ndiye ninayeitwa kwake mara kwa mara. Kama pombe ndiyo inayopiga, mbona inachagua nyumba? Lakini pia siku ambazo seremala hana hela ya kilabu, simu hailii. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Nipambane na vilabu, na watu, au na kitu gani?

Chuma_Ulete

Piga marufuku zote mwenyekiti, na bia pia. Jumatatu tatizo limekwisha.

Mwenyekiti_Kibosho

Mkuu, gongo ni marufuku tangu enzi za babu yangu, na hapa ninapoandika naisikia harufu yake.

Mama_Ndoo

Mwenyekiti, habari za huko juu. Mimi ni muuza mbege, upande wa Uru, na sioni aibu. Ndoo hiyo imenisomeshea watoto wakati baba yao alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Nianze na hizo saa zenu. Mbege si bia ya kufungua chupa. Ndizi zinapikwa, zinakaa siku kadhaa mpaka zichachuke, ulezi unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa, magome ya msesewe yanachemshwa kutoa uchungu wake. Ikishaiva, inauzwa leo au kesho. Keshokutwa imekuwa kali mno, hainyweki. Mkinipa saa tano tu za kuuza, nitaimaliza kwa saa tano, na wanywaji watakunywa kwa pupa. Sisemi msifunge. Usiku fungeni, hata mimi nataka kulala. Nasema tu msidhani kazi imeishia kwenye saa.

Ninachokijua mimi kutoka kwenye benchi langu ni habari ya daftari la madeni. Mwanaume mwenye hela mfukoni anakunywa, anaishiwa, anaondoka. Mwanaume wa daftari hana pa kusimamia. Anaandikisha leo, anaandikisha kesho, mwisho wa mwezi muuzaji anakwenda nyumbani kudai. Anamkuta nani? Mama. Na mama hela aliyonayo ni ya maziwa, ameiweka kwa ajili ya michango ya shule. Jioni anamuuliza mume, "hili deni ni la nini?" Kipigo cha usiku huo kilianzia kwenye daftari. Mimi kwangu sikopeshi tena, na waliokimbilia kwa jirani kwa sababu hiyo nawafahamu kwa majina. Kama mna sheria ndogo ya kuandika, andikeni hiyo: pombe kwa mkopo hakuna. Wauzaji wote tukibanwa pamoja hakuna atakayepoteza wateja.

La mwisho nalisema kwa heshima, maana najua wewe ni mtu mzima. Mume akimpiga mke huko kwenu mnamtoza nini? Nitakujibu mwenyewe, kwa sababu huwa mnanitumia mtoto na ndoo. Mnamtoza mbege. Analeta isale, lile jani letu la kuombea msamaha, wazee mnakaa mnakunywa faini mpaka jua linazama, na yule mama aliyevimba jicho ndiye anayewapikia. Halafu mnamuuliza mtandaoni mtu wa Pemba tatizo liko wapi.

Mvumo_wa_Micheweni

Mama Ndoo, umeniita, nami ni wa Pemba kweli. Kwetu baa za kuhesabu, pombe ni haramu na ni aibu kubwa, na takwimu za serikali zenyewe zinaonyesha wanawake wanaopigwa Zanzibar ni wachache sana ukilinganisha na Bara. Lakini wapo. Nina dada yangu ameachika kwa mtu asiyejua hata harufu ya bia. Alikuwa anampiga mchana kweupe, baada ya swala, akili zake timamu. Kwa hiyo msije mkafikiri mkiziba kilabu mmeziba kila kitu.

Nesi_wa_Zamu

Mwenyekiti, swali lako ni zuri kuliko mengi ninayoyasikia kwenye mafunzo. Nimekaa chumba cha majeruhi miaka mingi, nitajibu kama ninavyoliona.

Pombe haimpi mtu wazo la kumpiga mke. Wazo hilo anakuwa nalo tayari: kwamba mke ni wa kuadhibiwa, kwamba akiulizwa habari ya hela amedharauliwa. Kinachofanywa na pombe ni kumwondolea uwezo wa kupima matokeo. Neno dogo analisikia kubwa, mkono unatoka kabla hajafikiri, na anapiga kwa nguvu kuliko ambavyo angepiga akiwa mkavu. Ndiyo maana mlevi wako wa mtaroni hapigi: wazo hana. Na ndiyo maana seremala akikosa hela ya kata simu hailii: wazo analo, ila siku hiyo anajizuia. Ukimpunguzia pombe utapunguza usiku wa hatari. Hutakuwa umemaliza, lakini usiku mmoja bila kipigo si kitu cha kudharau. Mimi ndiye ninayeshona nyuzi.

Kuna ushahidi si wa mbali. Lusaka, Zambia, walifanya jaribio na familia 248 ambazo baba alikuwa mnywaji wa kupindukia na mama alikuwa akifanyiwa ukatili. Kundi moja lilipewa ushauri wa kila wiki, wanaume kivyao na wanawake kivyao, na waliowashauri hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Pombe ilipungua na ukatili ukapungua, kiasi kwamba wasimamizi walishauri jaribio likatishwe mapema ili na kundi la pili wapate huduma. Kilichonivutia pale ni kwamba hawakuhubiri pombe peke yake. Walishughulika na hasira, mawazo, misiba ya zamani, na namna ya kumaliza ugomvi, na usalama wa mama ulikuwa unaulizwa kila mara. Kuhusu saa za kufunga pia msizidharau: mji wa Diadema, jirani na São Paulo kule Brazil, uliamua mwaka 2002 baa zifungwe saa tano usiku, na mauaji yakashuka sana. Ila walisimamia. Walipita usiku kukagua.

Hapa hapa Moshi, hospitali ya KCMC, kuna kazi iliyofanywa kwa majeruhi wanaofika wakiwa wamekunywa, iliitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Nesi anakaa na mgonjwa muda mfupi, hamgombezi, anamuuliza anakunywa kiasi gani, pombe imemgharimu nini, na yeye mwenyewe angependa kubadilisha kipi. Kuna maswali 10 tunayoyatumia, jumla yake alama 40. Akipata 8 na kuendelea, unywaji wake umeshaanza kuwa wa hatari. Akifika 20, huyo anahitaji daktari kabisa. Watu wengi wanashtuka. Chupa moja ya bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi, ambazo kwenye hesabu yetu ni vinywaji viwili, si kimoja. Anayesema "nakunywa nne tu" amekunywa nane.

Sasa onyo, na hili mwenyekiti ulisome mara mbili. Mtu anayekunywa kila siku tangu asubuhi, mkono unatetemeka mpaka apate ya kwanza, usimlazimishe kuacha ghafla kwa amri ya kikao. Ndani ya siku mbili tatu anaweza kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo, kupata degedege, na wengine hufa. Huyo apelekwe hospitali aachishwe kwa dawa na uangalizi.

Lingine. Mkiitwa usiku, muulizeni mama pembeni, mume asisikie: "amewahi kukukaba koo?" Akisema ndiyo, hata kama shingoni hakuna alama, msimwache alale hapo. Kukabwa ni dalili kubwa ya kwamba siku moja anaweza kuuawa. Jambo hilo halina kikao cha asubuhi.

Neema_wa_Himo

Samahani nesi, shikamoo. Kuna dawa wanauza ya kuachisha pombe, unamwekea kwenye mtori bila yeye kujua. Jirani yangu anasema ilimsaidia. Inafaa?

Nesi_wa_Zamu

Marahaba mwanangu. Usithubutu. Kuna dawa halali ya aina hiyo, daktari huitoa kwa mgonjwa aliyekubali na kuelezwa. Akinywa pombe juu yake anawaka uso, anatapika, moyo unaenda mbio, presha inaanguka. Akiwa hajui ameipewa, anakunywa kama kawaida na anaweza kukufia mkononi. Na hizo za kwenye vikaratasi sokoni hatujui hata ni nini. Halafu fikiria mume mwenye mkono mwepesi siku akigundua umemwekea kitu kwenye chakula.

Tulia_Kwanza

Naomba niongeze upande wa ndani ya nyumba, maana naona mmeshikilia kilabu.

Mume wangu ni dereva wa malori, tunaishi Tengeru. Alikuwa anakunywa sana akirudi safari. Miaka kadhaa iliyopita daktari alimwambia ini limeanza kuharibika, akaogopa, akapunguza, baadaye akaacha kabisa. Ngumi ziliisha. Sitazami jambo hilo kama dogo, watoto walianza kulala usiku mzima na mimi nikaanza kuvaa blauzi za mikono mifupi. Kila mtu kanisani alinipongeza, mke wa mchungaji akanitaka nitoe ushuhuda.

Nilikataa, na watu walinishangaa. Kwa sababu ufunguo wa stoo ya mahindi alikuwa bado anatembea nao kwenye lori. Simu yangu alikuwa anaipekua kila anaporudi. Nikichelewa sokoni, hanigusi, ila anakaa siku tatu hanisemeshi, na watoto anawakataza wasinisemeshe. Niliuza kuku wangu mwenyewe akaja kwa mnunuzi kudai hela apewe yeye. Zamani angalau nilikuwa na cha kusema: pombe. Sasa nilikuwa naishi na mtu mkavu asiye na kisingizio, na hakuna kikao cha kitongoji kinachokaa kwa sababu ya ufunguo.

Kilichombadilisha kidogo, nasema kidogo, ni kikundi cha wanandoa walichoanzisha pale parokiani. Mwezi mara mbili. Siku moja waliambiwa kila mume aandike matumizi ya nyumba ya wiki moja, chumvi, mafuta, sabuni, hela ya kusaga. Hakujua hata moja. Aliporudi aliniuliza bei ya debe la mahindi, na tangu hapo ufunguo unaning'inia ukutani. Simu bado anaipekua.

Kwa hiyo mwenyekiti, seremala akiacha kunywa endelea kupita kwake. Usije ukaandika "limekwisha".

Msaidizi_wa_Sheria

Mchango wa Tulia Kwanza ungepaswa kubandikwa mlangoni kwa kila mtendaji.

Upande wa sheria kwa ufupi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye ndoa aliye na haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Na "nilikuwa nimelewa" haimwokoi mtu: kwa mujibu wa kifungu cha 14 cha Kanuni ya Adhabu, ulevi si utetezi, isipokuwa kwa hali chache sana, kwa mfano mtu aliyeleweshwa na mwingine kwa hila bila yeye kuridhia. Seremala wako alikwenda kilabuni kwa miguu yake, umesema mwenyewe.

Kesi ya kujeruhi si ya kumalizwa na wazee kwa ndoo ya chochote. Mama apelekwe Dawati la Jinsia na Watoto polisi, apewe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, atibiwe, maelezo yaandikwe. Najua mtasema mama mwenyewe hataki, anaogopa nani atalisha watoto. Sawa, msimburute. Lakini ajue njia ipo, na ajue kikao chenu hakimzuii. Wakati huo huo awe na nguo mbili za watoto, vyeti vya kuzaliwa, kadi ya kliniki na nauli kwa jirani anayemwamini. Na panga lisilale ndani.

Kuhusu sheria ndogo: kitongoji hakiwezi kuitunga. Halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu wa kijiji unajadili, halafu inakwenda Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Kabla ya idhini huwezi kumtoza mtu faini, atakushinda. Kwa hiyo Desemba hii msiitegemee. Leseni za vilabu na grosari, hata hivyo, zimeshaandikwa saa za kuuza. Kaombeni nakala kwa mtendaji msome. Nahisi nusu ya mnachokitaka kimo humo tayari, hakuna tu aliyewahi kukisimamia. Na daftari la Mama Ndoo halihitaji sheria yoyote, linahitaji wauzaji watano wakae chini.

Mwenyekiti_Kibosho

Nimewasoma wote, na mama watoto amesoma juu ya bega langu akacheka alipofika kwenye ndoo ya faini.

Mama Ndoo, umenipiga pabaya lakini umesema kweli. Nitapeleka kwa wazee kwamba faini ya mbege kwenye kesi ya kupigana ifutwe. Isale ibaki, ni heshima yetu, ila iende kwa mama aliyepigwa, si kwa wanywaji. Kesho naonana na wenye vilabu kuhusu kukopesha. Mmoja wao ni shemeji yangu, kwa hiyo nitaanza na yeye, akikubali wengine watafuata, akikataa nina tatizo la ukoo.

Nesi, swali la koo nitamfundisha yule jirani ninayetembea naye usiku. Nina swali moja lililobaki. Huyu seremala nimwanzeje? Nikimwambia nenda hospitali kwa sababu ya pombe atajua mkewe ndiye amesema.

Nesi_wa_Zamu

Asubuhi, kabla hajanywa, kwenye karakana yake, si nyumbani na si kikaoni. Usimtaje mke kabisa. Taja unachokijua wewe mwenyewe: umeitwa kwake usiku mara ngapi, kazi za watu zimechelewa, mkono unavyotetemeka kwenye msumeno, kama unatetemeka. Usimwite mlevi. Muulize yeye mwenyewe analionaje, kisha nyamaza, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Akikubali hata nusu, siku hiyo hiyo mpeleke, usimpe "wiki ijayo". Na mueleze waziwazi kwamba matibabu hayafuti kesi: akipiga tena, anakwenda polisi akiwa kwenye matibabu au la. Kabla ya yote hayo, mama ajulishwe kwa siri kwamba utaongea naye, apange atalala wapi usiku huo endapo mambo yatageuka.

Tulia_Kwanza

Na mtu anayemheshimu awepo. Wangu alimsikiliza kaka yake mkubwa kuliko mimi na daktari kwa pamoja.

Mwenyekiti_Kibosho

Kaka yake yuko Himo, hanywi, ana duka la vifaa vya ujenzi na ndiye anayemkopesha mbao. Nimempigia sasa hivi, anakuja Jumatano asubuhi. Mke wa seremala ameshaongea na mama watoto, usiku huo watoto watakuwa kwetu.

Habari ya wazee: nimetuma ujumbe kuhusu faini kwenye kundi letu la wajumbe. Watatu wamekubali. Wawili wameuliza, kama mbege haipo, kikao kitakuwa cha nini.